Moyo Uliokataa Kustaafu

Wodi ya Kituo chetu cha Moyo pale Mafinga ilikuwa kimya kiasi cha kumtia mtu usingizi akiwa amesimama. Wageni waliingia na soksi, wauguzi walinong'ona, na uji wa wagonjwa uliletwa kwenye bakuli za mpira ili kijiko kisigonge. Nokoa ndiye aliyetaka hivyo. Nokoa hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyoendesha mitambo yote ya damu nchini, na jina hilo, la msimamizi wa mashamba ya zamani, alipewa na wagonjwa wenyewe kwa sababu hakuchoka kuwasimamia na hakuwahi kusema ahsante.

Mimi nilikuwa daktari niliyehamia kutoka Songea wiki hiyo, na kimya kile kilinikera tangu mlangoni. Kwetu mgonjwa anasalimiwa. Nilipofika kitandani kwa mwanamke mmoja na kuona ameandikwa Veneranda Kihwele, nikajua moja kwa moja huyu ni Mhehe. Mimi naitwa Eufrasia Mbano, Mngoni baba na mama. Makabila yetu yalipigana zamani na sasa hutaniana, maana yake yule alikuwa mtani wangu kabla hatujaonana. Nikamwinamia, nikamsemesha kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kumbe Wahehe bado mpo? Mimi nilijua babu zetu waliwamaliza, wakabakiza mbwa tu, na hao mbwa mkawamaliza nyie kwa kitoweo."

Tusekile, muuguzi wa zamu, alijiziba mdomo kwa mkono. Pembeni alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akanitazama bila chuki wala furaha. Baadaye niliambiwa ni Gaudensi, kaka wa mgonjwa. Veneranda mwenyewe alikuwa amelala macho nusu, mpira wa oksijeni puani, mabomba mawili mekundu yakimtoka pajani kwenda kwenye mtambo. Akafumbua macho yote, akaanza kucheka kwa shida.

"Wangoni," akasema akikatakata pumzi, "mlitoka kusini kwa miguu. Mlipochoka... mkasema hapa ndiyo kwetu."

Hapo ndipo nilipotazama juu kwenye kioo cha picha ya moyo wake, na nikaona mlango wa kutolea damu unafunguka.

Haikuwa kwa muda mrefu. Ulifunguka, ukapitisha damu kidogo, ukafunga. Kisha maandishi yakapita chini ya picha: *Mtikisiko wa maongezi. Umefutwa.* Picha ikarudi kuonyesha mlango uliofungwa, kana kwamba mimi ndiye niliyeota. Nikamuuliza Tusekile kama ameona. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba Nokoa hufuta kila kitu kinachotokana na kikohozi, kucheka au kuongea, kwa sababu hayo si kazi ya moyo, ni kelele.

"Na moyo huu ameuandikia nini?" nikauliza.

"Kustaafu, daktari. Wapasuaji wanakuja kesho mchana."

*

Niseme wazi kilichokuwa kinamsumbua Veneranda, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Homa ya virusi ilikuwa imevimbisha misuli ya moyo wake. Moyo wa namna hiyo ukipumzishwa mara nyingi hupona. Ili mwili usife wakati unasubiri, tulimuunganisha na mtambo. Mtambo unanyonya damu kwenye mshipa wa paja, unaipa hewa safi, unairudisha kwa nguvu kwenye mshipa mkuu. Ubongo unapata, figo zinapata, mgonjwa anaongea na ndugu zake. Shida ni kwamba damu hiyo inayorudishwa inakuja kuukandamiza mlango wa moyo kwa nje. Chukulia mtu mgonjwa anataka kutoka chumbani, na watu kumi wameuegemea mlango upande wa pili. Akishindwa kuufungua, damu inayochuruzika kutoka mapafuni inabaki humohumo, chumba cha kushoto kinavimba, misuli inazidi kunyong'onyea, na maji yanaanza kupanda mapafuni. Kwa hiyo mtambo uleule unaouokoa mwili ndio unaouumiza moyo.

Dawa yake ipo. Ni mrija laini unaoingizwa mshipa wa mkononi, ukaongozwa hadi kwenye ule mlango, ukapenya ndani. Kwenye ncha yake kuna kipangaboi, kifeni kidogo kuliko punje ya mtama. Kikianza kuzunguka kinatoa damu iliyotuama chumbani na kuimwaga nje ya mlango, na moyo unapata nafasi ya kulala bila kubanwa. Lakini mirija ya zamani ilikuwa migumu, ikachana milango ya watu, kwa hiyo hii ya sasa imetengenezwa kwa ulaini ambao hauwezi kusukuma chochote. Inasubiri mlango ufunguke wenyewe, hata mara moja, ndipo ipite. Mlango usipofunguka kutwa kucha, Nokoa anautangaza moyo kuwa umestaafu. Unatolewa, inawekwa pampu ya kudumu, na mtu anarudi nyumbani akiwa mtulivu.

Tuliwaita hivyo, watulivu. Nchi ilikuwa nao wengi, na walipendwa makazini. Mtulivu hana mapigo ya moyo. Damu yake inakwenda mfululizo kama maji ya bomba, na mwendo wake unapangwa na Nokoa. Akikasirika, Nokoa anapunguza. Akiogopa, Nokoa anapunguza. Walikuwa wanaishi miaka mingi, hilo siwezi kulikana.

*

Dokta Kyando, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya, ingawa siku ile nilitamani awe mbaya ili nimchukie vizuri. Alinisikiliza ofisini kwake hadi mwisho. Gaudensi alikuwepo, kwa kuwa nilitaka asikie kutoka kwangu na si kwa watu wa korido.

Nilisema moyo ule bado unaweza. Nimeuona. Unachohitaji ni kuchokozwa mara moja tu, mlango ufunguke, mrija upite, na baada ya hapo upumzishwe kama mtoto. Kyando akauliza kwa nini nisitumie dawa ya kuuamsha. Nikamjibu kwamba dawa ikishaingia kwenye damu haitoki kwa kuombwa. Itauchapa moyo uliovimba kwa muda mrefu na kuumaliza. Kicheko kinakuja na kuondoka. Hata hasira inakuja na kuondoka.

"Unataka kuupumzisha moyo kwa kuuchosha kwanza," akasema Kyando.

"Ndiyo."

"Na ukiingia vurugu? Ukianza kutetemeka badala ya kupiga?"

Nilijua jibu, naye alijua ninajua. Moyo ukitetemeka hausukumi chochote. Chumba kitajaa hadi pomoni, mapafu yatafurika, damu itaganda humo ndani, na bonge likipanda ubongoni hatutakuwa hata na mgonjwa wa kuwekewa pampu. Tutakuwa tumemnyima uhai wa uhakika kwa kubahatisha ulio bora zaidi. Kyando alisema aliwahi kumzika mgonjwa wa hivyo akiwa daktari kijana, na ndugu zake bado anakutana nao sokoni.

Ndipo Gaudensi akazungumza. Alizungumza kwa upole, sauti haipandi wala haishuki, nami nikaelewa kwa nini alinitazama vile wodini. Alikuwa mtulivu.

"Mimi ninayo pampu mwaka wa sita sasa," akasema. "Nakula, nafanya kazi, nasomesha. Mama yetu alipofariki nilisimamia mazishi yote bila kutetereka. Dada yangu ni huyo mmoja tu. Akifa mikononi mwako, daktari, wewe utaniambia nini?"

Nilitamani kumkasirikia na nikashindwa, kwa sababu alikuwa anaomba kitu ambacho kila ndugu angeomba.

Kyando alihitimisha kwamba sheria inampa mgonjwa mwenye akili timamu haki ya kuchagua mpaka wapasuaji wafike. Basi aulizwe mwenyewe, na aambiwe yote.

*

Nilimwambia yote. Nilishawishika kupunguza hatari kidogo, nichanganye maneno ya kitabibu apotelee humo ndani, maana nilikuwa naitaka ile kazi kwa roho yangu yote. Lakini macho ya yule mama hayakuruhusu. Alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto kwenye misitu ya misonobari ya Mufindi, na watu wa moto wamezoea kuambiwa ukweli kwa maneno machache.

"Nikiweka pampu nitaishi?" akauliza.

"Utaishi."

"Na hili lako?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kulifanya humu ndani. Unaweza kupona kabisa, na unaweza kufa kesho."

Gaudensi alikuwa amemshika mguu juu ya blanketi. Alimwambia dada yake asihofu maisha ya pampu, kwamba kikosi kitampa kazi ya ofisini, atatazama moshi kwenye kioo na kuwaelekeza wengine.

"Gaude," akasema Veneranda, "moto ukipanda juu ya miti, moyo wangu unadunda mpaka nausikia masikioni. Huo ndio unaoniambia niwakimbizie vijana wangu upande gani. Nokoa atauzima hapohapo." Akapumzika kidogo. "Na siku ya mama. Nilikutazama kaburini. Nilikuwa nalia peke yangu kama mtoto niliyezaliwa pekee."

Nikaona mkono wa Gaudensi unakaza blanketi, kisha unalegea. Nadhani Nokoa alikuwa kazini.

Veneranda akanigeukia. "Mngoni, fanya. Ila ukiniua, nakuapia, nitakuja kukaa jikoni kwako."

*

Asubuhi wodi ilijaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Wauguzi ambao hawakuwa zamu walisimama ukutani. Nokoa akishaondolewa, mtambo unahitaji mkono wa mtu kuupunguza na kuuongeza, na nilikuwa nimepanga kumwomba Tusekile. Kyando akaingia amekunja mikono ya shati, akakaa mwenyewe mbele ya mtambo. Akazima usimamizi wa Nokoa, akashika kidhibiti.

Niliingiza mrija kwenye mkono wa kulia wa Veneranda, nikauongoza taratibu nikitazama picha, mpaka ncha ikafika juu ya mlango. Hapo ikasimama. Mlango ulikuwa umebanwa kabisa. Kyando akapunguza nguvu ya mtambo kadiri ubongo ulivyoweza kuvumilia, na uso wa mgonjwa ukaanza kubadilika rangi. Hatukuwa na muda wa kupoteza.

Nikaanza kazi ya utani, mikono ikiwa kwenye mrija na mdomo ukiwa vitani. Nilimwambia nimekuja kurithi buti zake, kwamba siku ya msiba nitazivaa na kuigiza alivyokuwa akiukimbia moto huku akiita Wangoni waje kumwokoa. Nikasema mchango wa jeneza tumeshaula. Nikasema mbwa wa kwao Iringa nzima wameanza kutembea wakijinafasi tangu alazwe. Huko Songea maneno hayo yangebomoa kikao.

Yeye akatabasamu. Tabasamu la adabu, la mtu anayejua unajitahidi. Alikuwa anayasubiri maneno yangu, na utani unaosubiriwa umeshakufa. Mlango ulitikisika, haukufunguka. Nikarudia, nikaongeza chumvi, na sasa nilijisikia kama mtu anayecheza ngoma iliyokwisha. Mapigo machache ya hovyo yakaanza kujitokeza kwenye picha, moja, kisha mengine mawili kwa pamoja.

"Mbano," akasema Kyando taratibu, "unaanza kuchafuka. Inatosha."

Moyo wangu mimi ndio uliokuwa unadunda kama wa mwizi. Nilijua namuua. Nikawa naanza kuurudisha mrija nyuma, na hapo ndipo Gaudensi alipozungumza nyuma yangu. Kwao kaka hamtanii dada yake hadharani, ni aibu, na yule alikuwa mtu wa heshima zake. Sauti yake ilikuwa ileile, imenyooka, kama msomaji wa taarifa ya hali ya hewa.

"Daktari, huyu mnayemwita mkuu wa zimamoto, alipokuwa msichana alimkimbia jogoo."

Veneranda akafungua macho.

"Jogoo wa shangazi yetu Paskalina," akaendelea Gaudensi kwa utulivu mkubwa. "Akapanda juu ya paa la choo. Akakaa huko tangu misa ya kwanza mpaka tukatoka misa ya pili. Ikabidi padri avue kanzu, apande ngazi, amshushe mgongoni. Na jogoo mwenyewe alikuwa chongo."

"Gaude, nyamaza," akasema Veneranda.

"Jicho moja. Na mguu mmoja alichechemea."

"Hakuchechemea, mwongo wewe," akasema dada yake, na sauti ilitoka na nguvu ambayo sikujua anayo. "Alikuwa na macho yote, alikuwa mkubwa kama mbuzi..."

Hakumaliza. Alishikwa na kicheko na hasira kwa pamoja, mwili mzima ukamtikisika, wauguzi ukutani wakaangua kicheko naye baada ya miaka ya kunong'ona, na kwenye picha nikaona mlango unafunguka. Ulifunguka wote. Nikasukuma. Mrija ukateleza ndani kana kwamba umeitwa.

Nikawasha kipangaboi. Mapigo yakavurugika, mstari ukawa kama mwandiko wa mlevi, nikasikia Kyando akivuta pumzi na kuizuia. Nilisubiri. Sijawahi kuomba Mungu kwa maneno machache vile. Kisha pigo moja likatoka safi, likafuatwa na jingine, na chumba cha kushoto, kile kilichokuwa kimevimba kama gunia lililoshindiliwa, kikaanza kupungua mbele ya macho yetu.

"Rudisha mtambo," nikamwambia Kyando.

"Nimesharudisha," akasema, na nikaona anajifuta uso kwa kiwiko.

Sasa mtambo uliulisha mwili, na kipangaboi kikauondolea moyo mzigo wake. Veneranda alikuwa analala huku bado analalamika kuhusu yule jogoo. Tusekile akapiga kigelegele katikati ya wodi ile ya soksi, na hakuna aliyemkataza.

*

Maji ya mapafuni yalikauka ndani ya siku chache. Uvimbe wa misuli ukashuka polepole, na kila asubuhi mlango ulifunguka wenyewe zaidi ya jana yake, bila padri wala jogoo. Nokoa, aliyerudishwa aangalie tu bila kugusa, aliendelea kuandika kwamba anaona kelele. Kyando alimwacha aandike. Akaniagiza nitoe amri mpya ya wodi kwamba kelele zote zihifadhiwe na zisomwe na daktari, na wageni waongee wanavyoongea nyumbani kwao.

Siku ya kumtoa mitamboni, tulipunguza mtambo hatua kwa hatua. Tukafika robo. Tukafika karibu na sifuri, na moyo ukabeba. Nikazima kipangaboi, nikauvuta mrija nje, nikasimama nimeushika mkononi kama nyoka niliyemuua mwenyewe. Kyando akafunga mabomba. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, hakuna kitu kilichokuwa kinamsaidia Veneranda Kihwele isipokuwa Veneranda Kihwele. Picha ilionyesha mlango ukifunguka na kufunga, ukifunguka na kufunga. Nililia, na sikujificha.

Gaudensi alikaa kando ya kitanda, akashika kifundo cha mkono cha dada yake, akakaa hivyo muda mrefu akihesabu kitu ambacho yeye mwenyewe hanacho. Kisha akaniuliza, kwa sauti yake iliyonyooka:

"Na wangu? Nao ulikuwa wa homa kama huu. Ungeweza?"

Ningeweza kusema sijui, na isingekuwa uongo mkubwa. Lakini nilikuwa nimeshazitazama picha zake za zamani, kwa sababu nilitaka kujua. Chini yake nilikuta maandishi ya mitikisiko mingi, yote imefutwa.

"Nadhani ungeweza," nikamwambia. "Samahani, kaka yangu."

Aliinamisha kichwa. Veneranda akamvuta, akamkumbatia shingoni, akalia kwa sauti, kilio cha watu wawili kikipitia kifua kimoja. Gaudensi alimpigapiga mgongoni hadi alipotulia. Uso wake haukubadilika, Nokoa hakuruhusu. Alipoinuka akaelekeza kidole kwa kijana wa kitanda cha dirishani, naye wa mtambo, akauliza moyo wake unastaafishwa lini. Tusekile akamwambia kesho, na kwamba baba yake yuko nje anasubiri wapasuaji.

Gaudensi akatoka. Kupitia kioo nilimwona akikaa karibu na baba huyo, mzee aliyevaa koti kuukuu, akamsalimia, akamshika mkono. Akauchukua mkono ule, akauweka kwenye kifundo chake mwenyewe, akamwacha mzee atafute mapigo. Mzee alitafuta, akahamisha vidole, akatafuta tena. Kisha Gaudensi akamwingiza wodini hadi kitandani kwa dada yake, na Veneranda akanyoosha mkono wake bila kuuliza.

Mzee akaushika. Alikaa nao hivyo, mdomo wazi. Halafu akageuka kunitafuta mimi.

"Mama daktari," akasema, "njoo umwone na mwanangu."